Vidole vya Mkalimani

Jumatatu, 3 Machi. Asubuhi mawingu mepesi, upepo kidogo, mvua hakuna.

Mdogo wangu Kovu,

Barua hii naiandikia kazini, hapa masjala ya hospitali, mafaili kulia na kushoto. Majibu nayo yalete hapa hapa. Usiyapeleke nyumbani.

Unaijua sheria ya nyumba yetu: simu ni ya wenye masikio, barua ni ya wote. Tangu mashine za kusuka zilipomla Baba masikio, kila karatasi inayopita mlangoni anaisoma, polepole, kidole chini ya neno, mpaka mwisho. Hii sitaki aisome kabla mimi mwenyewe sijajua nafanya nini.

Nimepata nafasi ya mafunzo ya utunzaji wa kumbukumbu, mwaka mmoja. Chuo kiko mbali, siku nzima kwa basi. Nikimaliza, mkuu wa masjala atakuwa anastaafu na kiti chake ni changu. Natakiwa kujibu ndiyo au hapana kabla ya tarehe 30 Aprili kuisha. Nina miaka arobaini na moja. Nafasi kama hii haibishi hodi mara mbili.

Kupika, Baba anajua kuliko mimi. Kufua anafua. Jirani wa upande wa pili wa ukuta atamchungulia asubuhi na jioni. Kinachonishika ni taarifa ya habari. Kila usiku saa mbili nakaa pembeni ya televisheni, nasikiliza, namfanyia kwa mikono. Ilikuwa kazi ya Mama. Alipotutoka nikaichukua mimi. Ni miaka kumi na sita sasa, na usiku niliokosa nimeuandika kwenye daftari langu la kila siku: kumi na tisa tu. Maandishi yanayopita chini ya kioo yanamkimbia kabla kidole hakijafika. Na bila habari Baba ni mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake mwenyewe. Anaweza kukosa chakula, asikose kujua waziri kasema nini.

Sasa sikia. Juzi nilipokuwa napangusa kioo niliona kitu kilichokuwepo siku zote: kwenye pembe ya chini, kulia, kuna mkalimani wa lugha ya ishara. Kwenye televisheni yetu ya inchi ishirini na moja, kisanduku chake kina upana wa sentimita nane. Nimepima. Mkono wake ni punje ya hindi. Hakuna jicho la miaka sitini na nane litakaloona vidole hapo. Lakini kwenye inchi sitini na tano mkono ule ule unakuwa mkubwa kupita kifuniko cha chupa ya soda.

Uliponiuliza Baba anunuliwe kitu gani cha maana mwaka huu, nilikujibu kiti. Nafuta kiti. Nunua televisheni. Ila ipi? Nimepita dukani nikakuta ukuta mzima unawaka, na kila moja ina herufi zake kama faili la mgonjwa. Wewe ni fundi wa lifti, umeme unauelewa. Nieleze.

Dada yako,
Kalamu

*

11 Machi

Shikamoo Dada,

Kwanza hongera, kabla ya herufi. Barua yako niliisoma nikiwa juu ya paa la lifti, ghorofa ya tisa, nikapiga kelele mpaka mlinzi akadhani nimenaswa.

Nimemuuliza rafiki yangu fundi wa televisheni, yule tunayemwita Fyuzi kwa sababu hakawii kukatika. Alipoona sahihi yako akauliza, "Ninyi ukoo wenu mna majina gani? Kovu na Kalamu?" Nikamwambia kiwandani kwa Baba, kwa makelele yale, kila mtu alikuwa na jina la mkono, na Baba akatupa yetu: mimi naitwa kwa kugusa nyusi iliyochanika, wewe kwa kugusa sikio ulikochomeka kalamu. Akasema afadhali, alidhani ndiyo majina yetu hata benki.

Sasa somo. Fyuzi anasema herufi ni nyingi lakini koo ni mbili.

Ukoo wa kwanza, kioo chenyewe hakina mwanga. Nyuma yake kuna taa, na kioo ni kama pazia lenye matundu mamilioni yanayofunguka na kufunga. Matundu hayo yana uvivu kidogo. Kitu kikipita haraka, tundu linachelewa kufunga na kitu kinaacha mkia. Tena pazia haliwezi kuziba kabisa, ndiyo maana nyeusi yake ina ukijivu. Lakini mwanga wake ni mkali, hata mchana kweupe unaona, na ni ngumu kufa.

Ukoo wa pili hauna taa nyuma. Kila nukta inajiwasha na kujizima yenyewe. Nyeusi ni nyeusi kwa sababu nukta imelala. Haina mkia, maana hakuna pazia la kungoja. Ukikaa pembeni rangi hazipauki. Ubaya ni miwili. Chumba chenye jua kinaishinda nguvu. Halafu picha moja ikikaa mahali pamoja mchana kutwa, miezi na miezi, nukta zile zinachoka kuliko nyingine na alama inabaki, kivuli kisichofutika.

Na hapa kuna mtego. Ukoo wa pili huandikwa OLED. Wako wa ukoo wa kwanza walioongezewa rangi wakaitwa QLED. Kwenye ubao wa bei tofauti ni mkia wa herufi moja. Fyuzi amewaona watu waliokwenda kutafuta O wakarudi na Q, na nyumbani wakasifiwa. Kwa hiyo vaa miwani utafute mkia. Mwenye mkia kwenye jina ana mkia kwenye picha.

Mimi kwa kazi ya vidole ningechukua isiyo na mkia. Lakini mpimaji ni wewe.

Mdogo wako,
Kovu

*

Jumatano, 19 Machi. Asubuhi jua kali tangu saa moja, hakuna wingu.

Mdogo wangu,

Nimepima kama ulivyosema.

Kutoka kiti cha Baba hadi ukutani ni mita mbili na sentimita sitini. Dirisha linatazama jua linakozama. Nimeandika mwanga wa chumba siku tano mfululizo, kwa kuacha karatasi ukutani na kumwomba Baba aweke alama jua linapoigusa. (Aliuliza kuna nini. Nikamwambia napanga kupaka rangi.) Jua linafika kwenye karatasi saa tisa na nusu. Taarifa ya mchana inaanza saa saba, na yenyewe ina mkalimani. Kwa hiyo saa saba chumba kina mwanga lakini jua lenyewe bado. Pazia zito likiongezwa, hoja ya jua imekwisha.

Dukani nilikwenda Jumamosi. Muuzaji ni kijana wa shati la zambarau, mdomo wake haupoi.

"Karibu mama, ona samaki hawa. Ona magamba!"

Nikamwambia niwekee taarifa ya habari.

"Taarifa ya habari? Mama, watu wananunua kwa samaki."

"Mimi nyumbani sina samaki. Niwekee habari."

Akaweka, akaguna. Nikasimama mbele ya zile za taa za nyuma, ya bei ya kawaida na ile yenye mkia kwenye jina. Mkalimani alikuwa mwanamume mwenye koti la bluu. Akinyanyua mkono taratibu, sawa. Akianza kwenda mbio, vidole vinashikana, mkono unakuwa kama ufagio. Yenye mkia ni bora kidogo, lakini ufagio ni ufagio. Kisha nikahamia ile inayojiwasha. Kovu, kila kidole kilisimama peke yake. Niliona mpaka pete.

Kijana akasema, "Mama, wewe ndiye mteja wa kwanza kuniuliza habari za vidole."

Nikamuuliza je, kisanduku cha mkalimani, kinavyokaa pembe ile ile kila siku, hakitaacha kivuli? Akaanza kuimba kuhusu udhamini. Hakunijibu. Muulize Fyuzi: nusu saa mchana, saa nzima usiku, pembe ile ile, miaka mitano. Sitaki Baba siku moja aangalie mpira akamkuta mkalimani amesimama golini.

Dada yako,
Kalamu

*

25 Machi

Shikamoo Dada,

Fyuzi amecheka hilo la golini mpaka akakaa chini. Jibu lake: kwa saa moja na nusu kwa siku, na picha nyingine zinapishana hapo, usiwe na hofu. Wanaoumia ni wenye kumbi wanaoacha stesheni moja toka asubuhi hadi usiku. Baba akimaliza habari azime, basi.

Nunua inayojiwasha. Nimeshaongea na duka na kulipa kwa simu, utaenda kuchukua tu. Lakini mpeleke Baba akaione mwenyewe kwanza, ni macho yake si yako.

Dada, umekuwa televisheni ya Baba miaka kumi na sita. Sasa itoke hiyo ya zamani na wewe utoke nayo. Simaanishi vibaya. Unanielewa.

Kovu

*

Ijumaa, 4 Aprili. Asubuhi manyunyu, yalikatika saa mbili.

Kwa Kovu, kutoka nyumbani,

Baba na mimi hatujambo. Televisheni ilifika jana ikibebwa na watu wawili. Imekaa ukutani vizuri, chini yake kuna nafasi ya saa ya ukutani. Nyeusi yake ni nyeusi kweli. Ikija picha ya usiku, kioo chenyewe kinatoweka. Mkalimani anaonekana vizuri sana, vidole vyote kumi.

Baba alikwenda mwenyewe dukani na kuichagua mwenyewe. Anakaa mbele yake kama mkaguzi wa zamu. Anasema nikuandikie neno lake kama alivyolitamka: "Mwambie kijana amefanya jambo la mtu mzima."

Jirani amekuja mara tatu kuomba chumvi.

Kalamu, na Baba

*

12 Aprili

Dada, shikamoo,

Barua ya nyumbani niliisoma mara nne. "Vidole vyote kumi"! Nimeibandika ndani ya kisanduku changu cha zana.

Mbona hukusema lolote la chuo? Najua ile ya nyumbani Baba anaisoma, lakini ya masjala sijaiona. Umeshatuma ndiyo yako? Imebaki wiki mbili na nusu. Niambie tarehe ya kuanza niombe likizo nije nikusindikize.

Kovu

*

Alhamisi, 17 Aprili. Asubuhi ukungu, joto baadaye.

Mdogo wangu Kovu,

Sikukudanganya. Mkalimani anaonekana vizuri sana. Ila sikukuandikia sentensi iliyofuata.

Tulipofika dukani, kijana wa shati la zambarau alikuwa ananikumbuka, akaweka habari bila kuombwa. Baba akasimama mbele ya ile inayojiwasha, mikono nyuma. Waziri wa barabara alikuwa anahutubia. Nikamwonyesha pembeni: mtazame huyo. Akamtazama kwa muda. Kisha akaanza kucheka, na unajua kicheko cha Baba kilivyo kikubwa, maana hajisikii, duka zima liligeuka.

Akasema kwa sauti yake ile, "Kalamu! Huyu anasema uzi umelowa mafuta, msimamizi wa zamu amelewa, na bobini zote zimeanguka kisimani!"

Watu wakacheka pamoja naye. Mimi nilibaki nimeshika mkoba.

Umeelewa? Hatukuwahi kufikiri. Wewe fundi, mimi karani, Fyuzi na elimu yake, tumekaa mwezi mzima tunapima mwanga na mikia na vivuli ili Baba aione mikono ya yule mtu, na hakuna aliyeuliza kama anaielewa. Tulidhani ishara ni ishara. Mikono yetu, Kovu, ni ya kiwandani. Ni ile waliyopigiana wafumaji kutoka mashine hadi mashine, kwa sababu hakuna sauti iliyopenya. Uzi umekatika: mtu amekufa. Ngumi ikishuka: basi, acha, twende tukale. Baba aliileta nyumbani masikio yalipoisha, sisi tukaikulia kama lugha ya dunia nzima. Wanaoielewa leo ni Baba, mimi, wewe nusu, na wazee wawili watatu kama wangali hai. Mkalimani wa televisheni anasema lugha ya viziwi, yenye shule na kamusi. Kwa Baba ni kama redio ya nchi ya mbali.

Halafu Baba akaacha kucheka, akarudi kusimama pale pale. Akamtazama mkalimani mpaka habari zikaisha. Akaniambia, "Chukua hii."

Najua kwa nini. Hakutaka kukuvunja moyo. Ulishalipa.

Kwa hiyo saa mbili usiku nakaa pembeni ya kioo kikubwa kama nilivyokaa pembeni ya kile kidogo. Tofauti ni kwamba sasa tuko wawili, mimi na mwenye koti la bluu, naye hakosei. Mimi sina mkono wa "mfumuko wa bei". Kiwandani hawakuuhitaji. Nafanya: vitu ghali, basi.

Barua ya kuwajibu chuo hapana nimeshaiandika, iko kwenye droo. Nitaituma Jumatatu ya tarehe 28. Usimwambie Baba neno hata moja la chuo. Anaonekana ana furaha. Ameanza hata kutoka Jumamosi asubuhi, anakwenda kucheza drafti na wazee wenzake. Zamani nilikuwa namsukuma.

Usinionee huruma. Kazi ninayo.

Dada yako,
Kalamu

*

22 Aprili

Dada,

Leo shikamoo nimeisahau, nisamehe, nina hasira.

Nani alikwambia Baba atakufa kwa kukosa taarifa ya habari? Mwaka mmoja! Nitakuwa namwandikia kila siku ukurasa mmoja, nikate magazeti, nitume. Jirani atamfanyia hata kwa vijiko. Wewe umekaa na droo yako, umeandika hapana kwa niaba ya mtu ambaye hukumuuliza. Chuo kinakuita, kiti cha mkuu kinakungoja, wewe unataka kukaa pembeni ya televisheni mpaka mvi zianze kutafsiri zenyewe.

Nitakwambia jambo ambalo hujaliandika kwenye daftari lako. Unaogopa kwamba Baba anaweza kuishi bila mikono yako. Kioo kile kilipofika hukukiangalia kama mteja. Ulikiangalia kama mke mwenza.

Choma hiyo barua. Andika ndiyo. Tarehe 30!

Kovu

*

27 Aprili

Mwanangu Kalamu,

Barua ya mdogo wako imekuja nyumbani. Kwa hasira aliandika anwani aliyoizoea. Jina lilikuwa lako, lakini barua ni ya wote. Nimeisoma. Imenichukua asubuhi nzima, maana anaandika kama kuku anayekimbizwa.

Ningesema nawe kwa mdomo, lakini ungenikatiza kwa mikono. Barua haikatizwi. Jirani ataifikisha masjala kesho asubuhi. Naona siku hizi mambo ya nyumba yangu yanakaa huko.

Kwanza. Dukani nilicheka. Kweli simwelewi yule mtu. Nikasema chukua hii, nadhani wewe ukafikiri namhurumia Kovu. Sivyo. Nilimtazama habari nzima. Mdomo wa msomaji ukienda, mikono yake inakwenda. Mdomo ukifunga, inasimama. Wewe, mwanangu, msomaji anasema dakika nzima, mkono wako unafanya mara tatu. Nilijua siku nyingi. Nimehesabu nyuzi kwa macho miaka ishirini na sita, siwezi kushindwa kuhesabu maneno. Isipokuwa mara moja, hukusema uongo. Ulipunguza. Mengine ulipunguza kwa sababu mikono yetu haina. Mengine kwa sababu ulinionea huruma.

Siku walipoonyesha kiwanda chetu niliona lango. Nikakuuliza kuna nini. Ukanifanyia: wanapaka rangi. Kesho yake nilikwenda kwa miguu. Hakukuwa na ukuta wa kupaka. Mashine wamezikata vyuma chakavu. Nilikaa pale kwenye jiwe mpaka mchana. Sikukwambia. Mtu akikuhurumia humwaibishi. Lakini tangu siku ile natamani kuziona habari bila kuhurumiwa.

Pili. Drafti sichezi. Jumamosi naenda darasa la watu wazima, shule ya viziwi, nyuma ya posta. Nilijiandikisha wiki ile ile ya dukani. Mwalimu ni binti wa miaka ishirini na mbili, kiziwi wa kuzaliwa. Ananiandikia ubaoni na ananicheka kwa kuwa napiga mikono mikubwa, kama ninamwita mtu wa mbali. Nimemwandikia: kwetu palikuwa mbali. Mimi ndiye mkubwa darasani na mimi ndiye wa mwisho. Sijali.

Ndiyo maana nilichagua ile. Kwenye zile nyingine vidole vinashikana. Mtu anayejifunza kusoma hapewi kitabu kilicholowa maji.

Tatu. Mdogo wako amekosea kukuita mke mwenza na nitamwandikia. Lakini uliniandikia hapana bila kuniuliza, na hilo hakukosea.

Tarehe 30 ni Jumatano. Posta inafunga saa kumi na moja.

Baba yako

*

Jumamosi, 2 Agosti. Asubuhi anga safi, baridi kidogo, upepo hakuna.

Mdogo wangu Kovu,

Basi langu linaondoka kesho saa kumi na mbili asubuhi, na barua hii inatangulia kwa basi la leo usiku. Usije stendi ya huku, nipokee stendi ya kule kwenye chuo kama ulivyosema, na uache kuniomba radhi kwa kila barua. Tangu Mei nimehesabu saba, zinatosha. Masanduku ni mawili. La vitabu ni zito, usilinyanyue kwa mbwembwe.

Naandika nyumbani, mezani, na Baba yuko darasani. Akirudi ataisoma kabla sijaibandika. Aisome.

Nikueleze ya jana. Miezi hii mitatu tulikuwa tunakwenda nusu kwa nusu. Yeye anamtazama mkalimani, akikwama ananigeukia, namfanyia kwa mikono yetu. Mwezi wa tano alikuwa ananigeukia kila dakika. Mwezi wa saba, nimeandika, mara kumi na moja kwa habari nzima. Mimi ndiye niliyekuwa namwangalia zaidi ya kioo, nikingoja anigeukie. Jana nilivuta kiti changu kama kawaida, saa mbili kasoro dakika tano. Baba akanyanyuka, akakichukua kiti, akakirudisha mezani.

Nikamfanyia: umebaki usiku huu na wa kesho tu, niache.

Akasema, "Keshokutwa utakuwa kwenye basi. Nikikwama siku hiyo nitamgeukia nani, kabati?"

Nikasimama mlangoni.

"Na mlangoni hapana. Nakuona kwa pembe ya jicho, naanza uvivu. Nenda ukalale."

"Saa mbili?"

"Kwani kuna sheria?"

Nikaenda chumbani kwangu, nikajilaza. Ukuta wetu unaujua, unapitisha kila kitu. Nikasikia muziki wa kuanza, nikamsikia msomaji: waziri wa maji ametia saini mkataba na kampuni ya mabomba. Kovu, mikono yangu ilianza yenyewe, chini ya shuka, gizani, hakuna wa kuiona. Maji. Bomba. Watu wawili wamekubaliana. Nikaikunja chini ya mto nikailalia.

Nikawa nasikiliza kama watu wengine wanavyosikiliza. Sikuwahi kufanya hivyo. Msomaji wa kike ana sauti nzuri, sikuwa najua. Miaka yote nilikuwa nabeba maneno yake tu. Nikangoja Baba aite. Alikohoa mara moja. Kisha akacheka kidogo, sijui kwa lipi, na mimi sikuwepo kwenye kicheko hicho.

Asubuhi hii, wakati wa chai, akanipa habari. Yeye ndiye aliyenipa mimi.

"Waziri wa maji," akasema, "ameoa kampuni ya mabomba."

Nilishika kikombe kwa mikono miwili.

"Ameoa kabisa?" nikamuuliza kwa kichwa.

"Kabisa. Na mashahidi walikuwepo." Akanywa chai. "Au waliandikiana. Nitamuuliza mwalimu leo. Wewe usiniambie!"

Sikumwambia. Akavaa viatu akaenda darasani.

Kwenye daftari langu la jana hakuna mengi. Nimeandika hali ya hewa, masanduku mawili, tiketi iko kwenye mkoba. Mstari wa mwisho unasema: nimelala saa mbili na dakika ishirini na tano, taarifa ya habari ikiendelea.

Dada yako,
Kalamu